Hatua za Shaweji

Saa nne kasoro dakika tano asubuhi, siku ya Jumatatu, Kalista Nambunga, mwanafunzi wa Kidato cha Tatu aliyerudi likizo na barua mbili za onyo na cheti kimoja cha usafi, alijaza mchanga kilo kumi na tisa kwenye begi lake la shule, akalibeba mgongoni, akavaa buti za baba yake, akaenda kuongeza idadi ya watu duniani.

Si dunia yote. Mtaa wa Gati Saba tu. Lakini kila kazi kubwa huanza na hatua ndogo, kama alivyopenda kusema mwalimu mkuu wao kila alipotangaza adhabu.

Alisimama ukingoni mwa lami mbele ya Geti la Mizani, pale malori yalipokuwa yakipimwa enzi malori yalipokuwa na madereva. Mbele yake vilitandazwa vigae vya kijivu, vipana kama sinia, ambavyo kwa miaka tisa sasa vilifunika kila njia ya mtaa. Watu waliviita Karani. Kabla ya Karani, serikali ilituma vijana wenye fulana na kalamu wapite nyumba kwa nyumba kuuliza nani alilala hapa. Wengine walitukanwa, wengine waliumwa na mbwa, na mmoja inasemekana alioa nyumba ya tatu na hakufika ya nne. Karani haulizi wala haoi. Ukimkanyaga anapima uzito wako, urefu wa hatua, namna kisigino kinavyotua na vidole vinavyoondoka, kisha anakutaja jina. Hakuna watu wawili wanaotembea sawa, walisema waliomtengeneza.

Waliomtengeneza hawakuwahi kulala Bweni la Nne.

Huko shuleni kwao milimani, Karani alitandazwa sakafu nzima ya bweni ili matroni asipate taabu ya kuita majina. Na bwenini kulikuwa na sheria moja iliyozidi zote zilizobandikwa ukutani: mwenzako asipokuwepo, mwitikie. Huulizi kaenda wapi, huulizi atarudi lini, na hata ukichapwa husemi. Dada zao wa zamani waliitikia kwa mdomo, wakibana pua. Kizazi cha Kalista kiliitikia kwa miguu. Yeye peke yake aliweza kutembea kama wasichana kumi na mmoja, wanene kwa wembamba, kwa msaada wa vitabu vya jiografia kwenye begi. Aliwahi kutembea kama matroni mwenyewe, na hiyo ndiyo iliyokuwa barua ya onyo ya kwanza.

Juu ya geti iliwaka namba: 1,999.

Sheria ya mitaa ya bandari ilikuwa fupi. Jumamosi ya mwisho ya Juni, saa sita mchana, mtaa wenye watu pungufu ya elfu mbili si mtaa tena. Ni uwanja wa makasha. Maji yanakatwa, zahanati inafungwa, na waliobaki wanagawiwa vyumba katika miji mitatu tofauti kwa mpangilio wa herufi, hivi kwamba mume anayeitwa Abeid na mke anayeitwa Zuhura wangeandikiana barua.

Gati Saba ilikuwa na watu thelathini na moja elfu Kalista alipozaliwa. Kisha winchi zikajifunza kujiendesha. Waliondoka kwanza waendesha winchi, isipokuwa wabishi kama baba yake. Wakafuata wafunga makasha na wahesabu shehena. Halafu wakaondoka mama lishe, kwa sababu winchi hazili. Mwishowe shule ya msingi ikabaki na darasa moja lenye watoto wa umri wote, wakiimba jedwali la mara tatu kwa sauti nene na nyembamba kama kwaya ya kanisa.

Jumapili Kalista alikuwa amejaribu kuwaitikia walioondoka. Alimjaribu fundi wa breki, Karani akanyamaza. Alimjaribu mwalimu wa madrasa, Karani akanyamaza, kwa kuwa hatua zao alizikumbuka nusu nusu tu. Ndipo alipomkumbuka Shaweji.

Shaweji mwana wa Bi Mize, wa nyumba ya pili kutoka kwao, alikuwa mfunga makasha. Siku moja pini ya chuma ilimwangukia mguu wa kulia, na tangu hapo alitembea kwa namna ya peke yake: hatua ndefu, hatua fupi, kisigino kikiburutwa kama mtu anayefuta kosa. Kalista alikuwa na miaka saba alipoanza kumwiga. Alimwiga kwenye harusi, alimwiga kwenye hitima, na mtaa mzima ulicheka, Bi Mize akicheka kuliko wote mpaka akafuta machozi kwa upindo wa kanga. Shaweji mwenyewe alimpa peremende ili aache, kisha nyingine ili aendelee.

Sasa Kalista alipumua, akakanyaga kigae cha kwanza. Ndefu. Fupi. Buruta.

"Shaweji Mbwana," alisema Karani kwa sauti yake isiyo na furaha wala huzuni. "Geti la Mizani. Yupo."

Namba juu ya geti ikacheza, ikatulia: 2,000.

Hatua moja ilitosha kwa wiki nzima, na mtu mwenye kiasi angeishia hapo. Kalista alirudia Jumanne. Alirudia Jumatano. Hakukuwa na haja yoyote ila kwamba alikuwa anajua kufanya jambo, na alipenda kulisikia likifanyika.

*

"Hodi hapa."

"Karibu, Bi Mize. Shikamoo."

"Marahaba, mtundu wangu. Baba yako yupo?"

"Yuko uani. Anamfundisha mtoto wa Mama Rehani kutembea."

Huo haukuwa mzaha. Karani hahesabu mtoto mpaka asimame kwa miguu yake, na Damiani Nambunga, mwenyekiti wa kamati ya mtaa na mwendesha winchi wa zamani, alikuwa tangu Aprili akizunguka kwenye nyumba zenye watoto wachanga kama mkufunzi wa jeshi. Mtoto wa Mama Rehani ndiye aliyekuwa tumaini kubwa. Alikuwa na miezi kumi na alipenda kukaa.

Bi Mize aliipapasa meza kwanza, akaupata ukingo, ndipo akaweka bakuli. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe, kama maji yaliyooshewa mchele. Shingoni alining'iniza kisanduku kidogo alichopewa zahanati, kinachomsemea maneno ambayo kibao cha mlango wake huandika: nani wa nyumba yake amekanyaga wapi.

"Pweza wa nazi," alisema. "Mle wote."

"Leo kuna sikukuu gani?"

Bi Mize alikaa, akakunja kanga mapajani taratibu, kama mtu anayeogopa kuimwaga habari aliyokuja nayo.

"Shaweji yupo mjini."

Kalista alikuwa ameshatia kipande mdomoni.

"Jumatatu nimekaa nakuna nazi," Bi Mize aliendelea, "nikasikia hiki kinasema, Shaweji Mbwana, Geti la Mizani, yupo. Nikasema loo, masikio nayo yameamua kuyafuata macho. Jana tena. Leo tena, saa ile ile. Miaka minne, Kalista. Sijui kama yu hai, sijui kama kafa. Kumbe anakuja mpaka getini kila siku, halafu anarudi. Anaona haya kuingia."

"Anaona haya," alisema Kalista.

"Ndiyo. Ni mtoto wa haya sana yule. Basi nimempigia Zaituni, nikamwambia mama yako haji Ijumaa."

Kalista alikitema kipande cha pweza kiganjani. Zaituni, binti wa Bi Mize, aliishi bara, kwenye mji uliojengwa kuzunguka stesheni ya reli ya mizigo. Alikuwa amempatia mama yake chumba huko, na hospitali ya huko ilikuwa imempa nafasi ya kupasuliwa macho Jumamosi saa mbili asubuhi. Mtaa mzima ulijua, kwa sababu nafasi hiyo ilingojewa miezi kumi na minne. Mtaa mzima ulijua pia daktari alivyosema: mvua za vuli zikikuta macho hayajaguswa, hakutakuwa na cha kugusa.

"Bi Mize, nenda tu," alisema Kalista. "Akija sisi tupo. Tutamwelekeza."

"Akija akute kufuli?"

"Tutakaa na ufunguo."

"Mwanangu, aliyemfukuza ni mimi. Wa kumfungulia ni mimi." Aliuinua uso wake kuelekea mahali alipodhani Kalista alipo, akakosea kidogo, akaliambia kabati: "Wewe una miguu myepesi. Kesho nishike mkono, unipeleke getini. Nikae nimngoje hapo hapo. Akiona nimemfuata, haya zitamwisha."

Bwenini anayeitikiwa hana mama ndani ya chumba. Hilo ndilo jambo ambalo sheria ya Bweni la Nne haikuwahi kulifikiria, na Kalista, aliyekuwa wa kwanza darasani kwa hoja, hakulifikiria pia. Alikuwa ameona namba. Hakuona kwamba nyuma ya kila jina lililozimika kuna kibao mlangoni, na nyuma ya kibao kuna mtu anayekuna nazi.

"Nitakupeleka," alisema, kwa sababu mdomo wake ulikuwa umezoea kukubali kabla ya kichwa.

*

Baba yake aliingia Bi Mize alipokwisha kuondoka. Alikuwa mtu mkubwa, kilo mia na tatu kwa mujibu wa Karani, na bado alitembea kama aliyezoea kuiangalia dunia kutoka mita arobaini juu. Aliangalia bakuli, akaangalia buti zake mlangoni.

"Mchanga kwenye ndoo za kuzimia moto pale getini umepungua," alisema.

Kalista alifuta meza iliyokuwa safi.

"Tangu Jumatatu."

"Labda kuna moto ulizimwa, Baba."

"Labda." Alivuta kiti. "Nilikuona, mama. Nilikuwa juu ya paa la ofisi ya kamati nafunga bati. Niliona buti zangu zinapita zimebeba kilema cha watu." Na hapo akafanya jambo baya kuliko kumchapa: akatabasamu. "Hata mimi ningeapa ni yeye."

Siku nyingine yoyote Kalista angeitunza sifa hiyo kama cheti. "Bi Mize kaniambia haendi kupasuliwa," alisema.

"Nimesikia nikiwa uani."

"Basi nimwambie."

"Ukimwambia ataondoka Ijumaa. Akishakanyaga vigae vya huko, anahesabiwa huko, maana Karani hufuata hatua ya mwisho. Sisi tunabaki elfu moja mia tisa na tisini na tisa, hata na huyo Shaweji wako." Aliyasema hayo taratibu, kama mtu anayeshusha kasha juu ya vichwa vya watu. "Asubiri mpaka Jumamosi saa sita. Saa sita na dakika moja nitamwambia mwenyewe, nitapiga magoti."

"Saa mbili asubuhi ndiyo anapasuliwa."

"Tutamwombea nafasi nyingine."

"Miezi kumi na minne, Baba."

"Kalista. Pale zahanati kuna watu ishirini na wawili wanaosafishwa damu. Mashine hazihamishwi, zinauzwa. Nikutajie majina?"

Hakuwa na haja. Wa kwanza angekuwa Mzee Lipende, aliyemfundisha Kalista kuendesha baiskeli na ambaye sasa alipelekwa zahanati kwenye baiskeli hiyo hiyo, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, akiwa amekaa nyuma.

"Mimi sikukutuma utembee," alisema baba yake.

"Najua."

"Lakini umetembea. Na mimi nimeona nikanyamaza. Sasa tumo wote wawili." Alivuta bakuli karibu, akalitazama, akalisukuma mbali. Jioni ile hakuna aliyekula pweza, na kumwaga chakula cha Bi Mize ilikuwa dhambi. Kwa hiyo bakuli lilikaa mezani mpaka asubuhi likiwaangalia.

*

Alhamisi saa tatu na nusu walikuwa getini. Bi Mize alikaa kwenye reli ya chuma ya mizani, kapu la chakula miguuni, kisanduku kikiwa shingoni. Alikuwa amevaa kanga mpya na kupaka wanja macho yasiyoona. Kalista alikaa pembeni yake na begi lake la shule. Ndani ya begi mlikuwa na kilo kumi na tisa za mchanga. Alikuwa amelibeba kutoka nyumbani bila kujiambia kwa nini, na sasa hakutaka kujiuliza.

Mbele yao winchi zilifanya kazi. Zilichukua kasha, zikalipeleka, zikarudi, bila kelele za watu, bila filimbi. Zamani kwenye reli ile Bi Mize aliuza wali kwa zamu nzima ya tatu, na alijua nani hali pilipili na nani amegombana na mkewe.

Saa nne ilifika. Ikapita.

"Amechelewa," alisema Bi Mize.

"Ndiyo."

"Pengine ameniona, amejificha nyuma ya makasha." Akapaza sauti kidogo kuelekea winchi. "Mimi sina neno, baba. Njoo."

Winchi ilichukua kasha, ikalipeleka, ikarudi.

"Unajua nilimwambia nini?" Bi Mize aliuliza. "Hujui, ulikuwa mtoto. Kazi ilipokwisha alikaa nyumbani miezi saba. Siku moja akasema mchuzi hauna chumvi. Nikamwambia mwanamume anayelishwa na mama yake angalau asichague chumvi. Basi. Alinawa mikono, akaweka sahani ndani ya beseni vizuri kabisa, akatoka. Nilidhani kaenda barazani."

Kalista aliangalia buti za baba yake miguuni mwake.

"Kila siku nikipika natia chumvi nyingi," alisema Bi Mize. "Zaituni ananigombeza, eti presha."

Saa nne na robo. Saa nne na nusu. Jua lilianza kuuma. Bi Mize alilifungua kapu, akagusa kama chakula bado kina moto, akafunga.

"Kalista."

"Bee."

"Nifanyie Shaweji. Kama zamani, ulipokuwa mdogo. Nicheke kidogo, huku kungoja kumenichosha."

Hakusema kwa hila. Hata baada ya miaka mingi, kila alipoigeuza asubuhi ile kichwani, Kalista hakuona hila yoyote mle. Mama mmoja alitaka kucheka, akamwomba mtu aliyewahi kumchekesha. Ingewezekana kumfanyia mzaha mtupu, bila begi. Bila kilo zile Karani angemtaja Kalista Nambunga, na Bi Mize angecheka, na Jumamosi ingefika.

Kalista alilibeba begi. Mikanda ilimkata mabega. Alikanyaga.

Ndefu. Fupi. Buruta.

"Shaweji Mbwana," kilisema kisanduku kwenye kifua cha Bi Mize. "Geti la Mizani. Yupo."

Bi Mize alisimama haraka kuliko mwanamke wa umri wake anavyopaswa kusimama. Kapu likapinduka. Alinyoosha mikono yote miwili mbele na kuja, akijikwaa kwenye reli, akisema, "Baba, baba, nimekuja mwenyewe, usiondoke." Kalista akabaki amesimama pale pale, amebeba mchanga, mpaka mikono ikamfikia.

Mikono ilishika mashavu. Ikapanda, ikakuta nywele zilizosukwa. Ikashuka mabegani, ikakuta mikanda ya begi. Ikafuata mkanda mpaka mgongoni, ikabonyeza. Mchanga ulijibu kwa sauti ndogo.

Bi Mize alibonyeza tena.

"Jumatatu," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Bi Mize."

"Jana na juzi."

"Ndiyo. Ni mimi. Nisamehe. Nilitaka tufike elfu mbili. Sikujua kwamba kibao..."

"Nyamaza." Hakuisema kwa ukali. Alipapasa nyuma yake, akaipata reli, akakaa. Wali ulikuwa umemwagika miguuni mwake, naye hakujua, au hakujali. Akakishika kisanduku kwa mikono miwili, kama anayeshika kikombe.

"Rudia," alisema.

"Bi Mize, tafadhali."

"Rudia."

Kalista alirudi mwanzo wa vigae. Ndefu, fupi, buruta. Shaweji Mbwana, Geti la Mizani, yupo. Bi Mize alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Tena."

Alitembea tena. Alitembea mara ngapi hakuhesabu, yeye aliyeanza kazi hii kwa ajili ya hesabu. Mabega yaliwaka, jasho liliingia machoni, na kila mara jina lilisemwa kwa sauti ile ile isiyo na furaha wala huzuni. Alikuwa amechapwa shuleni, amefyeka nyasi, amesimamishwa mbele ya wasichana mia sita na barua ya onyo ikasomwa, na kila mara alijua namna ya kulifanya jambo liwe kichekesho kabla halijafika moyoni. Hapa hakukuwa na hadhira.

"Basi," alisema Bi Mize. Akafuta uso wote kwa kanga mpya, na wanja ukaenda mpaka kwenye masikio. "Inatosha. Nishike mkono, nikafunge mizigo."

Njiani aliuliza swali moja. "Baba yako anajua?"

Hata ukichapwa husemi. Kalista aliangalia vigae.

"Nimesikia," alisema Bi Mize.

*

Ijumaa mchana, mlangoni mwa basi la bara, watu wanane wa kamati walikuja kumuaga, na kila mmoja alimkumbatia kama anayejaribu kumpima uzito. Mwenyekiti hakuja. Bi Mize aliwaaga wote kwa majina, akawatakia heri, akawaomba radhi kwa lolote. Kisha akaita, "Yuko wapi mtundu?"

Kalista alisogea. Bi Mize alimshika kifundo cha mkono na kumvuta karibu mpaka wengine wasisikie.

"Najua wewe unaweza na mimi pia. Mimi ni mwepesi tu, hunihitajii hata mchanga."

"Siwezi kufanya hivyo, Bi Mize."

"Unaweza. Nisikilize. Mimi usinitembee. Nikiwa sipo, niwe sipo. Mwanangu ameshatembezwa, inatosha kwa nyumba moja."

"Ndiyo."

"Sijakusamehe bado. Nitakusamehe, lakini si leo, nina safari." Akapanda, akipapasa ngazi kwa ncha ya kiatu.

Saa kumi na mbili jioni, Karani wa bara alipompokea, namba juu ya geti ilishuka.

*

Jumamosi saa tano na nusu mtaa wote ulikuwa pale, wale ambao ni mtaa. Namba ilikuwa 1,999. Mama Rehani alikuwa amemsimamisha mwanawe ukingoni mwa vigae, watu wazima thelathini wakiwa wamechuchumaa upande wa pili, wakipiga makofi na kuita kwa biskuti na njuga. Mtoto aliwaangalia kwa heshima, akakaa, akaanza kutafuna kandambili ya mwenyekiti.

Kalista alikuwa kwenye reli ya mizani, miguu ameikunja juu, haigusi chini.

Baba yake alikuja. Hakupaza sauti, lakini watu walinyamaza, na kutokana na jinsi walivyonyamaza Kalista alijua wote wanajua.

"Bi Mize ni mwepesi. Hata mchanga huhitaji," alisema.

"Siwezi, Baba."

"Huwezi au hutaki?"

Aliona nyuso. Aliwaona wanaosafishwa damu, wamewekewa viti kivulini. "Naweza," alisema. "Kaniambia nisimtembee."

Alisubiri atukanwe, na lingekuwa jambo jepesi. Baba yake alimtazama kitambo, kisha akageuka. Akavua kandambili iliyobaki. Akapandisha suruali kidogo kwa vidole viwili, kama mwanamke anavyoinua kanga isilowe, akaubana mwili wake wa kilo mia na tatu, akakanyaga kigae kwa ncha za vidole, hatua fupi, fupi, hatua za bibi anayeenda kununua nazi.

"Damiani Nambunga," alisema Karani. "Geti la Mizani. Yupo."

Akarudi mwanzo. Akajaribu taratibu zaidi, mkono mmoja mbele ukipapasa hewa. Damiani Nambunga, yupo. Wiki moja iliyopita Kalista angetoa posho yake ya muhula mzima kuona kitu kama hicho. Hakuna aliyecheka. Watu waliangalia pembeni, kwenye makasha, kwenye viganja vyao. Yeye peke yake alijilazimisha kuangalia, mpaka mwisho, kila hatua, kwa sababu alijua ni nani aliyemfundisha baba yake kwamba kitu hicho kinawezekana.

King'ora cha saa sita kililia. Namba ikazimika, na mahali pake ikaja alama ya kasha.

Baba yake alibaki pale pale katikati ya vigae, suruali bado imeinuliwa kwa vidole viwili.

Mzee Lipende aliinuka kutoka kivulini, akaja na fimbo yake polepole mpaka kwenye reli. Kalista alisogea kumpisha. Alikaa, akapumzika, akaangalia mkono wake wenye makovu ya sindano.

"Bi Mize ameshapasuliwa?" aliuliza.

"Ndiyo, babu. Zaituni kapiga simu saa nne. Jicho moja tayari, la pili wiki ijayo."

"Afadhali," alisema Mzee Lipende. Kisha akalirudia kwa sauti ya chini, kama mtu anayetafuta namna ya kulimaanisha neno alilokwisha kulisema.